Hesabu ya Mia Tatu

Pale Gungu ukimuulizia fundi Leodgar, utaulizwa kwanza: una haraka au huna? Maana Leodgar alikuwa na ugonjwa mmoja. Ukimpelekea kitu kibovu alikitengeneza vizuri, hilo halina ubishi, lakini hakukuruhusu uondoke mpaka akueleze kilikuwa kimeharibika vipi, fundi aliyekigusa kabla yake alikuwa mjinga kiasi gani, na yeye amekinusuru kwa njia ipi. Mtu ulikuja kuchukua cherehani ya mkeo ukanywe chai, unaondoka wenzako wanasali alasiri.

Ujana wake wote uliishia kwenye karabai. Enzi hizo kila mwezi ulipokuwa mkubwa, wavuvi wa dagaa wakapumzika, taa zao zilipandishwa kwake kwa mikokoteni, na Leodgar hakupata hata nafasi ya kukuna kichwa. Kisha zikaja taa za sola na betri. Karabai zikabaki za kupashia vifaranga joto. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijisemea, akahamia kwenye cherehani, pasi za mkaa na kufuli. Lakini moyoni aliumia. Vitu vilivyoletwa siku hizi havikutaka fundi, vilitaka mtu wa kubadilisha: toa plastiki hii, weka plastiki ile, haya nenda. Mkewe, Scola, alikuwa akimwambia kwamba anazeeka kwa hasira za bure.

Kwa hiyo siku Aurore alipomletea gurudumu la mshipi la baba mkwe wake, Leodgar alilipokea kwa mikono miwili.

Lilikuwa pana kama sahani ya pilau, la mbao nyeusi na shaba njano. Baba mkwe huyo, Mzee Barutwanayo wa Bangwe, aliachiwa na mhandisi mmoja wa meli, mzungu, zaidi ya miaka arobaini nyuma, na ufukwe mzima wa ziwa haukuwa na mwingine aliyekuwa nalo. Wavuvi wenzake wa ndoana walizungushia mishipi yao kwenye kipande cha mti au chupa. Yeye alilifunga lake kwenye ubao wa mtumbwi, akaachia chubwi izame na ndoana, na gurudumu likazunguka likilia ta, ta, ta mpaka alipolishika.

"Linacheza sana, fundi," alisema Aurore. Alikuwa binti wa Kagunga, kijiji cha mpakani, mpole, mtoto wake wa miezi minane mgongoni. "Na mlio umefifia. Baba anasema halimwambii kitu tena."

Hapo ndipo Leodgar alipopaswa kuuliza gurudumu humwambia mzee kitu gani. Hakuuliza. Alikuwa hodari wa kueleza, na watu wa aina hiyo kuuliza huwa kunawashinda.

Alilifungua siku ile ile. Bushi ya katikati ilikuwa imelika upande mmoja. Washa za ngozi zilizolizuia lisikimbie ovyo zilikuwa zimekauka zikawa unga. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja: alichonga bushi mpya, akakata washa kwenye mkanda wake wa zamani, akaziloweka kwenye mafuta. Kilichomnyima raha ni gia ndogo ya nyuma. Ilikuwa na meno manane, na kila jino lilipopita lilikwangua ulimi wa chuma, ndio ule mlio. Matatu kati ya yale manane yalikuwa yamelika yakaisha kabisa, pamebaki laini kama ufizi wa kichanga.

Fundi mwingine angekaza ule ulimi wa chuma, akaiacha gia kama ilivyo. Meno matano yalitosha kulia. Lakini Leodgar alikuwa amengoja miaka kumi kupata kazi ya namna hiyo. Alikata shaba kwenye tangi la karabai iliyokufa, akapachika vipande vitatu, akavichomelea, kisha akaibana gia kwenye jiliwa akaipiga tupa siku tatu mfululizo. Alipomaliza, ukipitisha kidole hukujua jino lipi la kale na lipi la jana. Alilizungusha gurudumu likalia mfululizo, bila pengo. Muuza vocha wa jirani aliitwa aje asikilize. Mama wa maandazi aliitwa. Hata padri aliyekuwa akipita na pikipiki yake alisimamishwa.

Aurore naye alipokuja kulichukua alisomewa somo lote, mtoto akilia mgongoni. Alivumilia mpaka mwisho, akasema Mungu ambariki fundi, akaenda zake Bangwe.

Zilipita wiki tatu. Siku ya Jumanne akarudi, safari hii mikono mitupu, mtoto amembeba kifuani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gurudumu linasemaje?"

"Linalia vizuri. Nimekuja kukuaga."

Leodgar alimsogezea kigoda. Aurore aliketi, akampakata mtoto, akatazama yale mabati ya kibanda.

"Narudishwa nyumbani Kagunga, fundi. Alhamisi, kwa boti ya asubuhi."

Kisa chenyewe alikieleza polepole, na Kirundi kikimponyoka hapa na pale. Tangu gurudumu lirudi, Mzee Barutwanayo hakuwa amepata hata samaki mmoja wa kuhe. Kila alfajiri mumewe Aurore, Audace, alimpigia babake kasia hadi kwenye mwamba wao, ule ule waliovua miaka yote. Wengine walipata samaki pale pale, mitumbwi inakaribia kugusana. Wao waliinua ndoana na chambo chake kama walivyoishusha. Wiki ya pili mzee aliita watu wa nyumba yake akauliza swali moja: nani ameruka mshipi?

Kwa mzee yule, na si yeye peke yake ufukweni, mwanamke haruki mshipi wa mvuvi. Akiuruka, umefungwa, haushiki samaki tena.

"Nikasema ni mimi, baba," alisema Aurore. "Ile siku niliyotoka nalo hapa kwako, mshipi ulitandazwa uani upakwe mafuta, umevutwa toka nguzo ya nyumba mpaka kwenye mpera. Mtoto akawa anatambaa kuelekea jikoni kwenye moto. Ningezunguka angekuwa ameshafika. Nikaruka."

"Si ungenyamaza tu? Nani alikuona?"

Aurore alimshangaa. "Ningenyamazaje, fundi, na nimeruka?"

Mzee hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu mukazana wake, mke wa mwanawe, aende kwao kwanza, mambo yatazamwe. Na hilo neno *kwanza* kila mke wa ufukweni alilijua: wapo walioenda kwanza, watoto wao sasa wana ndevu. Audace alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa wa kutazama chini. Alimsaidia mkewe kufunga mizigo.

"Na labda ni kweli nimewaharibia," Aurore alisema. "Nalala naliwaza hilo. Nyumba nzima inakula dagaa za kuomba kwa sababu ya mguu wangu."

Leodgar alitaka kumfariji, na kwa kukosa la kusema akauliza lililomjia.

"Lakini mzee haoni. Anajuaje kwamba mshipi umefika kwenye samaki?"

"Anahesabu. Tangu mtoto wa jicho amfunge macho, mwaka wa tano sasa, anahesabu ile milio. Zamani alifunga kitambaa chekundu kwenye mshipi akikitazama. Fundo hataki, anasema hukwama. Basi akifika mia tatu anashika."

"Mia tatu?"

"Mia tatu kila siku. Hata usingizini tunamsikia anahesabu."

Leodgar aliacha tupa juu ya meza. Gurudumu alilipima kwa mikono yake, alilijua: mizunguko mitatu, pima moja. Kwa meno matano, milio mia tatu ni mizunguko sitini, pima ishirini. Kwa meno manane, milio mia tatu ni mizunguko thelathini na saba na kitu. Pima kumi na mbili, haizidi sana. Wiki tatu nzima mzee alikuwa akining'iniza ndoana pima saba na zaidi juu ya vichwa vya samaki, kwa sababu hesabu aliianza macho yalipozima, na wakati huo yale meno matatu yalikuwa yameshaisha. Gia iliyolika ndiyo aliyojifunza. Na Leodgar aliiponya.

Alifungua kinywa. Alimtazama binti yule amekaa mbele yake na mtoto amelala, akaona na meza yake, na watu aliowaita wasikilize, na padri kwenye pikipiki.

"Basi, mwanangu," alisema. "Safari njema."

Tusimtetee. Jumanne ile alikuwa na nafasi ya kusema maneno matano na yote yakanyooka. Aurore angerudi Bangwe na jibu, mzee angelijaribu kesho yake, kuhe angepanda mtumbwini naye binti bado yuko jikoni kwake. Leodgar mwenyewe aliyaona hayo yote, hakuwa mjinga. Alichojiambia ni kwamba hana hakika. Alijiambia huenda ziwa tu limekuwa gumu, na kwamba fundi hawezi kwenda kujitangazia kosa lisilothibitishwa. Hata Jumatano kutwa alikaa na pasi moja ya mkaa mkononi, asiitengeneze wala asimweleze mtu jambo, mpaka muuza vocha akauliza kama fundi anaumwa.

Jioni yake, ugali ukiwa mezani, alimwambia Scola. Mkewe aliacha kula.

"Baba Agnesi, unafanya nini hapa?"

"Nitakwenda kesho."

"Kesho ndio binti anaondoka! Nenda sasa hivi. Bodaboda zipo."

"Nitamwambiaje mzee jioni hii? Mtu ameshajilalia. Nitadamka."

"Unaogopa watakucheka," alisema Scola. "Wewe unaona aibu ya gia. Mwenzio anabeba mtoto na godoro."

Na kweli Alhamisi alidamka, akavaa, akafika hadi barabarani. Hapo alikutana na mtu mwenye kufuli ya duka iliyogoma. Dakika tano tu, fundi, tafadhali. Zikawa saa nne nzima, na ajabu ni kwamba wakati wote huo alikuwa akimweleza yule mtu jinsi kufuli zinavyokufa, kwa raha kabisa, kama mtu asiye na safari. Alipofika Bangwe jua lilikuwa limeshakaa utosini.

Audace alikuwa ufukweni anamwaga maji yaliyoingia mtumbwini. "Wameondoka asubuhi," alisema bila kuinua uso. "Niliwasindikiza mpaka kwenye boti, Kibirizi."

Mzee Barutwanayo alikuwa barazani, macho meupe, vidole vyake vikipapasa ndoana moja moja kutafuta kutu. Leodgar alimwamkia, akaketi chini, akasema yote: meno matano, meno manane, mizunguko, pima. Mara hii hakupamba. Maneno *kosa ni langu, mzee* aliyasema mara mbili.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni mtu mzuri, fundi," alisema. "Unamhurumia mukazana wangu. Hata mimi namhurumia."

"Si huruma, mzee! Ni hesabu. Kesho usiishie mia tatu. Hesabu mia nne na themanini, utaona."

"Mia tatu ndiyo inayojulikana na mkono wangu. Ulilipokea gurudumu na hesabu yake, nirudishie na hesabu yake. Lakini lile la mwanamke ni jambo jingine."

Hivyo Leodgar alilala Bangwe, kwa ndugu yake, na Ijumaa kabla ya alfajiri alikuwa barazani kwa mzee na tupa yake. Yale meno matatu aliyoyachonga kwa siku tatu aliyakata kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Hakuona uchungu aliotazamia. Aliona haraka tu. Alilaza kila moja mpaka likawa laini, akalizungusha gurudumu, likalia kwa kuchechemea, na mzee uso wake ukafunguka.

"Ehe," alisema. "Huyo ndiye."

Mtumbwi uliondoka, Leodgar akabaki mchangani. Aliomba, yeye ambaye kanisani hulala. Aliomba kuhe. Akiona mitumbwi mingine inarudi aliinuka, akikuta si wao akakaa tena. Saa nne ilipokaribia aliona kasia la Audace, na kabla mtumbwi haujagusa mchanga aliona mkia umetokeza juu ya ukingo. Kuhe walikuwa watatu, wa rangi ya dhahabu, mkubwa wao urefu wa mkono wa mtu mzima.

Leodgar aliingia majini na viatu. "Nilikwambia! Mzee, nilikwambia! Mia tatu!"

"Mia tatu," alisema Mzee Barutwanayo, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimeshika mia tatu, na hapo hapo samaki akavuta. Mungu ni mkubwa."

"Basi mwite binti arudi. Mpigie simu sasa hivi. Audace, toa simu."

Audace alimtazama babake. Mzee alijifuta uso kwa kiganja.

"Fundi, keti nikuulize, maana wewe ni mtu wa hesabu. Meno umeyakata lini?"

"Leo asubuhi."

"Mukazana wangu ameondoka lini?"

Leodgar alimtazama Audace.

"Ameondoka jana asubuhi," alisema mzee kwa upole. "Jana hatukuingia ziwani. Leo ndiyo mara ya kwanza tunaingia hayumo nyumbani, na tumepata watatu. Sasa niambie, ni kipi kilicholeta samaki? Tupa yako, au boti ya Kagunga?"

Leodgar alieleza. Alichora mchangani, kwa mtu asiyeona. Alisema atayarudisha yale meno, mzee ashushe tena ndoana, akikosa ataamini. Mzee alilishika gurudumu lake kifuani akasema hakuna fundi atakayeligusa tena mpaka afe. Audace alisikia yote, na pengine aliyaelewa, maana alikuwa ameacha kufunga kamba. Kisha akainama akaendelea kuifunga. Walimpa Leodgar samaki mmoja kwa shukrani. Alikataa, wakamlazimisha, akampa mwanamke wa kwanza aliyekutana naye njiani.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mara nyingi tumbo linaloumia si la aliyengojesha. Jumatatu Leodgar alipanda boti Kibirizi. Si mtu wa maji, alitapika njia nzima, abiria wakimpa ndimu anuse. Kagunga alimkuta Aurore mbele ya nyumba ya mamake anaanika dagaa, mtoto amekalishwa kivulini juu ya kanga.

"Fundi!" Alisimama kwa mshtuko. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kukwambia hukufunga mshipi wa mtu."

Alimweleza palepale wamesimama. Aurore alikuwa mwepesi kuelewa kuliko wote aliowaeleza. Kwenye pima saba aliweka viganja vyote viwili mdomoni, akalia, lakini kilio cha mtu aliyetua mzigo, na mamake akatoka ndani kuona kuna nini.

"Kwa hiyo si mimi," alisema. "Mama, si mimi."

"Si wewe, mwanangu. Hukuwa wewe hata siku moja."

Alijifuta kwa upindo wa kitenge. Kisha akatulia, na Leodgar aliona uso wake unarudi nyuma taratibu mpaka ile Jumanne.

"Fundi, siku ile nilikwambia anahesabu mia tatu. Ukaweka tupa mezani."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshajua?"

Angeweza kusema alikuwa bado anafikiri. Maneno hayo alikuwa nayo tayari, aliyatunga kwenye boti.

"Nilikuwa nimeshajua."

Aurore hakupiga kelele. Alimwinua mtoto, akamweka begani, akampigapiga mgongo ingawa hakuwa analia.

"Twende pamoja," alisema Leodgar. "Nitasema kanisani, mbele ya watu wote, kwamba nimeharibu kazi. Nitawaita wazee wa Bangwe. Kibanda changu wakivunjilie mbali, sijali. Boti inarudi kesho. Twende, nitalisimamia mimi."

"Nirudi?" alisema Aurore. "Wameniondoa, samaki wakaja. Siku nikiingia ile nyumba, ziwa likichafuka tu, ndoana ikapanda tupu asubuhi moja, fundi, nitawaambia niliruka nini?"